UZI: Rafiki yuko Nansio, anaomba riwaya ya fantasia. Umpe ipi kwanza?

#1 Ningu wa Kirumba (mwanzisha uzi)

Wakuu, za jioni. Rafiki yangu ni mwalimu wa shule ya msingi Nansio, Ukerewe. Ameimaliza Game of Thrones ya kwenye televisheni, sasa anataka "kitabu cha namna hiyo". Kiswahili chake kimenyooka, Kiingereza anasoma lakini hakimbii. Ninayo orodha ya majina 23 niliyookota huku na huku, nataka nimtumie leo. Wajuzi, ikosoeni kwanza. Shusheni nondo: vitabu na sababu zake. Hadithi za "enzi zangu nikiwa fomu tuu" zina jukwaa lake.

#2 Kamongo

Futa 22, bakiza kimoja. Anayepewa majina 23 atauliza kipi bora, utamjibu "vyote vizuri", na safari inaishia hapo. Halafu nusu ya hiyo orodha lazima ni mifululizo. The Wheel of Time peke yake ni juzuu 14, ukiacha ile ya utangulizi. Unadhani umempa vitabu 23, kumbe umempa kabati.

Kabla ya kuchagua, muulize mambo matatu.

Kwanza, kwenye Game of Thrones alikuwa anasubiri nini: hila za kugombea kiti, majoka, au wale wafu wa kaskazini? Hao ni wasomaji wa aina tatu na vitabu vyao havifanani. Mtu wa hila ukimpa kitabu cha majoka atasinzia kabla ya ukurasa wa 40.

Pili, kitabu gani cha mwisho alikimaliza. Usimuulize anachokipenda, maana hapo watu hutaja cha kujionesha. Alichokimaliza kinakwambia unene, lugha na mwendo anaouweza.

Tatu, anasoma wapi na saa ngapi, karatasi au simu.

#3 Ningu wa Kirumba

Nimemuuliza fasta. Anapenda majoka na "ile dunia yenyewe, ramani, visiwa". Cha mwisho kukimaliza ni Rosa Mistika. Karatasi anapendelea, simu haimshindi. Anasoma zaidi kwenye meli akija Mwanza mwisho wa mwezi.

#4 Binti Bujora

Rosa Mistika, basi mwandishi wake ni wa hapo hapo alipo! Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944. Watu wengi humjua kwa riwaya zake za uhalisia za miaka ya 1970, wakaishia hapo. Aliandika pia viwili ambavyo fantasia ya Kiswahili haiwezi kuzungumzwa bila kuvitaja: Nagona (1990) na Mzingile (1991). Vyembamba, kila kimoja hakifiki kurasa 100. Meli ya Nansio inachukua karibu saa tatu. Anayesoma Kiswahili kwa mwendo wa kurasa 25 hadi 30 kwa saa anaimaliza Nagona kabla ya kushuka.

Kuimaliza na kuielewa ni mambo mawili, nakubali. Nagona haina dunia iliyopimwa kwa ramani. Msimulizi anapita mahali palipotelekezwa, anakutana na wazee wanaojibu swali kwa kitendawili, wanafalsafa waliokufa wanachomoza, wakati unajikunja. Mzingile ina mstari ulio wazi kidogo: mtu anafunga safari kumpelekea mzee habari kwamba mwanawe amekufa. Ukimpa mtu vyote viwili, anza na Nagona, ila mwambie mapema asitafute "nini kilitokea". Asome kama anavyosikiliza ndoto ya mtu.

#5 Kamongo

Dada, kwa mtu aliyesema "majoka na ramani" hiyo ni mitego miwili kwa mpigo. Nagona ni kitabu kikubwa, lakini ukikitoa kama jibu la Game of Thrones unamfukuza msomaji. Atadhani fantasia ya Kiswahili yote ni falsafa.

#6 Binti Bujora

Sijasema kiwe cha kwanza. Nimesema asikose kujua kwamba kipo mlangoni kwake.

Tukiwa kwenye Kiswahili, tuweke wazi kingine. Watu wakisikia fantasia hutupa jina la Shaaban Robert kwa jumla jumla. Vyake vinavyofaa ni vitatu. Kusadikika (1951) ni nchi inayoelea angani, wajumbe sita wanatumwa pande zote kutafuta mema ya kuiletea nchi yao, na kila anayerudi anaishia kifungoni. Ila habari hizo zote zinasimuliwa mahakamani, Karama akijitetea mbele ya mfalme. Asiyeambiwa kwamba anaingia kwenye kesi atachoshwa na hotuba. Kufikirika, kilichochapishwa 1967, kina mfalme asiye na mtoto na msururu wa waganga. Adili na Nduguze (1952) ndicho rahisi kuliko vyote: mtawala mwadilifu anayechapa manyani wawili kila usiku, na msomaji hawezi kulala bila kujua kwa nini. Majini wapo, safari za baharini zipo, mji uliogeuka mawe upo. Chanzo chake ni hekaya za Alfu Lela Ulela, na ladha ni ile ile.

Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote siyo fantasia. Msichanganye.

#7 Furu Mweusi

Ongeza onyo kuhusu majina ya vitabu. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla (1960) kina jina la kutisha lakini ni upelelezi mtupu, Bwana Msa na kiko chake. Kizuri sana, ila anayetafuta mizimu atajiona ametapeliwa.

Wa mizimu mpeni Babu Alipofufuka cha Said Ahmed Mohamed (2001): mkubwa wa serikali anajiwa usiku na babu yake aliyekwisha kufa na kutembezwa aone mambo yake. Na Ziraili na Zirani cha William Mkufya (1999), mbinguni na kuzimu kote humo. Hicho ukimpa mtu ambaye hapendi imani iguswe mtagombana, mjadala wake ni mkali.

#8 Fundi wa Buzuruga

Bina-Adamu! cha Wamitila (2002) mbona mmekiruka?

#9 Furu Mweusi

Hatujakiruka, kinafuata Nagona. Safari ya kiajabu duniani kote, kejeli nyingi kuhusu utandawazi. Kwa aliyekwisha zoea, siyo cha kuanzia.

#10 Nahodha Mstaafu

Visiwa, majoka, ramani, mtu anayesoma akiwa majini. Kitabu kimeshajitaja chenyewe: A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin, 1968. Nieleze kwa nini, na pia pale kinapokwama.

Dunia yake ni visiwa tupu, mamia, na ramani iko mbele ya kitabu. Kijana anaitwa Ged, mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont, rangi yake ni kahawia iliyoiva, na rafiki yake mkubwa ni mweusi. Kwa kitabu cha Kiingereza cha 1968 hilo halikuwa jambo dogo. Matoleo kadhaa ya zamani yamemchora mzungu kwenye jalada, kwa hiyo jalada lisimdanganye. Nguvu zote zinatokana na jina la kweli la kitu. Ukilijua jina unakitawala kitu, ndiyo maana kila mtu ana jina la kuitwa na jingine la siri. Mtu wa kwetu hahitaji kufafanuliwa hilo kwa kurasa kumi.

Kinachokifanya kiwe chake hasa huyo mwalimu ni maji. Kuna sura Ged anaishi na wavuvi, kazi yake ni kufunga kinga kwenye mitumbwi yao, na rafiki yake ni fundi wa mitumbwi. Baadaye anapata mashua kutoka kwa mzee mvuvi mwenye ugonjwa wa macho, kwa kubadilishana na tiba. Ni imara, naye anaiongezea kinga kwa maneno. Upepo wa kuitwa una gharama: ukivuta mvua huku, huenda umekausha kwingine. Anayejua ziwa linavyobadilika kati ya asubuhi na alasiri atasoma kurasa hizo polepole.

Sura ni 10, karibu kurasa 200. Meli mbili tatu, amemaliza.

Kinapokwama: mazungumzo ni machache. Le Guin anasimulia kama mzee anayesimulia kijijini, miaka inaruka kwa sentensi moja. Aliyezoea televisheni atalalamika kwamba "watu hawaongei". Mwambie avumilie hadi sura ya 4, pale kiburi cha kijana kinapofungua kitu ambacho hakifungiki tena. Asipovutwa hapo, aache, hakitabadilika.

#11 Msomi wa Malimbe

Naunga mkono, lakini Kiingereza chake? Kina maneno ya zamani. Kuna kipimo rahisi: fungua ukurasa wa katikati, usome wote, hesabu maneno usiyoyajua. Yakizidi matano kwenye ukurasa mmoja, kitabu kitakuwa kazi kuliko starehe. Kwa fantasia usihesabu majina ya kubuni. Roke, Gont, Osskil hayamo kwenye kamusi yoyote, na wengi huachia hapo wakidhani Kiingereza chao ni kibovu. Mwambie neno lenye herufi kubwa lisilojulikana alipite tu, kitabu chenyewe kitamwambia ni mtu au ni kisiwa.

Pia aandike majina kwenye karatasi ya kualamishia ukurasa, kila jina na maneno matatu: "Ogion, mwalimu, mkimya". Majina 12 yanatosha kitabu kizima.

#12 Shemeji wa Igoma

Mimi napinga wote. Mtu ameangalia Game of Thrones yote, mpe A Game of Thrones (1996). Msimu wa kwanza wa televisheni unafuata juzuu ya kwanza kwa karibu sana. Nyuso anazijua, majumba anayajua, kila sura imeandikwa juu yake jina la mhusika. Kiingereza kigumu kinalainishwa na kumbukumbu. Huo ni msaada ambao kitabu kipya hakina.

#13 Kamongo

Hoja nzito hiyo, shemeji. Kasoro ni mbili. Juzuu hiyo ina kurasa 700 hivi, huzidi kutegemea toleo. Kwa msomaji wa mwisho wa mwezi ni miezi. Na mfululizo haujakamilika: juzuu ya tano, A Dance with Dragons, ilitoka 2011 na ya sita haijatoka. Kama ni mtu wa kukasirika hadithi ikikatwa, mwambie kabla hajaanza. Onyo hilo hilo kwa The Name of the Wind cha Rothfuss: cha kwanza 2007, cha pili 2011, cha tatu hakuna.

Anayetaka kitu kikubwa lakini kilichofika mwisho, apewe Mistborn ya Sanderson: The Final Empire (2006), The Well of Ascension (2007), The Hero of Ages (2008). Hapo mtu anameza madini na kuyachoma tumboni: chuma kinavuta vyuma, chuma cha pua kinasukuma, bati linanoa macho na masikio. Sheria zake ni za kifundi: ukisukuma chuma kilicho kizito kuliko wewe, unayerushwa ni wewe.

#14 Fundi wa Buzuruga

Hiyo nimeielewa kuliko zote.

#15 Mama Vitabu

Sasa kununua. Vya mtumba vinavyotandazwa mjini ni nafuu, lakini fantasia ndiyo inayoumiza watu, kwa sababu ya juzuu. Kabla ya kutoa hela:

Tazama mgongo wa kitabu na ukurasa wa hakimiliki. Maneno "Book Two" au "Volume Three" mara nyingi yamejificha kwa herufi ndogo. The Two Towers inauzwa peke yake kila siku, na ni katikati ya The Lord of the Rings. Atakayeanzia hapo atakuta wenzake wameshakimbizana kitabu kizima.

Kisha angalia kama umeshika nusu. Uingereza walikata A Storm of Swords vitabu viwili, Steel and Snow na Blood and Gold, na A Dance with Dragons wakaifanya hivyo hivyo, Dreams and Dust na After the Feast. Ukinunua kimoja utafika ukurasa wa mwisho hadithi ikiwa hewani.

Usinunue kitabu kimoja mara mbili, pia. Northern Lights cha Pullman (1995) Marekani kinaitwa The Golden Compass. Cha kwanza cha Harry Potter kina Philosopher's Stone upande mmoja na Sorcerer's Stone upande mwingine.

Mwisho, karatasi zenyewe. Fungua robo, nusu, robo tatu na mwisho, uone namba za kurasa zinafuatana. Kunja mgongo kidogo: gundi iliyokauka inalia, na siku ya tatu kurasa zinaanza kutoka kama karanga. Ramani mara nyingi imechanwa; kwa Earthsea usikubali bila ramani.

Ukikosa dukani, pita Maktaba ya Mkoa ukaulize rafu ya riwaya na masharti ya kuazima. Kezilahabi na Shaaban Robert hupatikana pia kwenye maduka ya vitabu vya shule, kwa kuwa husomwa madarasani.

#16 Msomi wa Malimbe

Kwa simu, omba faili la EPUB na siyo PDF. PDF imeganda kwa ukubwa wa karatasi: kwenye kioo kidogo utavuta kushoto kulia kila mstari mpaka ukome. EPUB inajipanga upya ukikuza herufi, na kitabu kisicho na picha mara nyingi hakifiki MB 1, bando halilii. Zile PDF za kupigwa picha zinazozunguka kwenye magrupu ni nzito, kurasa hukosekana, na mwandishi hapati senti. Vya zamani ambavyo haki zake zimeisha vipo bure kihalali kwenye tovuti ya Project Gutenberg, Alice's Adventures in Wonderland ya 1865 ikiwemo.

Kwa kuwa ni mwalimu: hiyo Alice ilitafsiriwa Kiswahili 1940 kama Elisi katika Nchi ya Ajabu, na 2015 ikaja tafsiri mpya ya Ida Hadjivayanis. Darasani inafaa.

#17 Binti Bujora

Jambo ambalo wanaume humu mnalipita. Mtakapomsimulia mtu kitabu, neno "mchawi" mliangalie. Kwa Kiingereza wizard anaweza kuwa mzee mwema. Kwa Kiswahili mchawi ni mwovu, hakuna mjadala, na Kanda ya Ziwa neno hilo limewatoa roho vikongwe kwa sababu ya macho mekundu tu. Ukimwambia mwalimu "kitabu cha kijana anayesomea uchawi", mzazi mmoja akisikia ana kesi. Sema mganga, mjuzi, mwenye maarifa ya majina. Ndivyo kitabu chenyewe kinavyomchukulia Ged.

Na kwenye ile orodha ya 23 nina uhakika Akata Witch cha Nnedi Okorafor (2011) kimo. Ni kizuri: Sunny, binti wa miaka 12, Nigeria, shule ya siri, maarifa ukiyapata fedha zinadondoka kutoka juu. Lakini Sunny ana ualbino, na kitabu kinauhusisha ualbino wake na uwezo wa kuingia ulimwengu wa roho. Mwandishi amekusudia kumpa heshima na nguvu. Kwetu, baada ya mauaji yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa miaka ya 2007 na 2008, wazo kwamba mwili wenye ualbino una nguvu ya ziada ndilo lililoua. Msiache kukipendekeza, ila mtoaji amwambie mpokeaji, na kisiachwe kwenye meza ya darasa bila mazungumzo. Toleo jingine linaitwa What Sunny Saw in the Flames, kitabu ni hicho hicho.

#18 Ningu wa Kirumba

Kimo kweli, namba 4. Wabeja sana dada, hilo sikuliwaza.

#19 Furu Mweusi

Black Leopard, Red Wolf kama kimo, kitoe kabisa kwa sasa. Damu na ngono kila kona, na msimulizi hasimulii kwa mstari.

#20 Nahodha Mstaafu

Kuhusu meli. Kitabu kiende ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kukunjwa mara mbili, katikati ya nguo, siyo mfuko wa nje wa begi. Kikilowa, usikianike juani: karatasi zinajikunja na gundi inapasuka. Weka gazeti kavu kila baada ya kurasa 20 hivi, kiweke kivulini penye upepo, badilisha magazeti kila baada ya saa chache, kikikaribia kukauka kiwekee kitu kizito juu usiku kucha. Kilicholoweshwa na soda kimekufa, sukari inagandisha kurasa.

Na nyumba za karibu na ziwa msipange vitabu sakafuni wala kugusana na ukuta. Ukungu huanzia kona ya chini.

#21 Shemeji wa Igoma

Mbona hamjamtaja Shing'weng'we? Zimwi linalomeza watu na ng'ombe wote, anabaki mama mjamzito aliyejificha kwenye makapi, anamzaa Masala Kulangwa, kijana anakua, analiua na kulipasua, watu wanatoka. Majoka ya nini?

#22 Binti Bujora

Sawa kabisa, na utamu wake uko mwishoni: akilipasua kisu kinakata sikio la mmoja wa waliomo ndani, na mkombozi anageuka mdaiwa. Hakuna joka la Ulaya lenye mwisho huo. Ila ni ngano, inasimuliwa jioni moja. Nzuri ya kumtumia kwa sauti ya WhatsApp wakati anasubiri kitabu. Anayetaka jina kubwa la Usukuma kwenye chapa, Emmanuel Mbogo ana tamthilia ya Ngoma ya Ng'wanamalundi (1988), yule anayesimuliwa kwamba akinyoosha kidole mti unakauka. Tamthilia lakini, siyo riwaya.

#23 Ningu wa Kirumba

Nimeamua. Adili na Nduguze aanze nacho wiki hii kwa sababu kinapatikana, kisha A Wizard of Earthsea. Majina mengine nimefuta. Nimtumie na maelezo gani?

#24 Kamongo

Mistari mitatu basi: kinahusu nini bila kufichua mwisho, kinachosha wapi, na akiachie wapi kama hakijamshika. Usimuulize "umefika wapi" kila siku. Msomaji anayefuatwafuatwa hudanganya. Muulize swali moja akishapita sura ya 4.

#25 Nahodha Mstaafu

Akikipenda, kinachofuata ni The Tombs of Atuan. Mwambie mapema kwamba kinaanza na binti wa nchi nyingine kabisa, jangwani, hakuna mashua, na Ged haonekani mpaka kurasa nyingi zimepita. Wengi hudhani wameuziwa kitabu kisicho chenyewe wakakirudisha.